Tulimpa Larry chakula, na bado akafa

Mi natengeneza vijigemu vya simu, vile vya kusoma na kuchagua, hapa hapa Unguja, na swali naloulizwa na vijana kila siku ni lile lile: hivi kwenye gemu ya The Walking Dead ya kampuni ya Telltale, ile ya 2012, machaguo yetu yanabadilisha kitu kweli au tunafanywa wajinga tu? Mnafanywa wajinga, ndio. Lakini kwa ufundi ambao hata mimi ninaejua kamba zimefungwa wapi naingia kila mara.

Kwa asieijua, ilitoka vipande vipande, episodi 5 kuanzia Aprili hadi Novemba mwaka huo. Wewe ndo Lee, mwalimu wa historia wa chuo kikuu aliehukumiwa kwa kuua, yuko kiti cha nyuma cha gari la polisi na pingu mkononi anatolewa Atlanta, gari linamgonga maiti anaetembea, na dunia ishaharibika. Anamkuta Clementine, mtoto wa miaka 8 yuko peke yake, basi kazi yako tokea hapo ni kumlea. Wafu wenyewe si misukule ya kwetu, manake msukule ana mwenyewe, kuna mtu kamchukua anamlimisha usiku, utakwenda kwa mganga utagombana na mwenye mali yake. Hawa hawana mwenyewe. Ndo maana wazima wanaishia kulaumiana wao kwa wao.

Sasa episodi ya pili. Anaecheza ni mtoto wa dada yangu, mi kazi yangu kumfasiria, na kufasiri kwenyewe balaa kwa sababu majibu yanakuja na mstari unaopungua, ukimalizika hujachagua basi umenyamaza, na kunyamaza nako ni jibu. Bi mkubwa yuko kwenye mkeka anachagua mchele, hatazami gemu, ndo anavosema yeye. Lee kapewa vipande 4 vya chakula awagawie wenzake, na wenzake wamezidi vipande kwa mbali, wote wana njaa na kila mmoja anakutizama ukipita.

"Watoto kwanza," bi mkubwa huyo, hata kichwa hajainua.

Tukawapa Clementine na Duck.

"Na yule mzee anaepiga makelele. Ile njaa ile."

Yule mzee ni Larry. Episodi ya kwanza alimtia Lee ngumi akamwacha chini na wafu wanaingia ndani. Kijana akaja juu, bibi, huyu alitaka kutuua! "Mpeni." Tukampa.

Haikupita saa nzima Lee na wenzake wamefungiwa chumba cha nyama na Larry huyo huyo, hasira zikampanda, moyo ukamshinda, akaanguka. Binti yake Lilly anamkandamiza kifua, Kenny, babake Duck, anasema akifa humu atainuka atule, tumalizeni sasa hivi. Chagua, binti au Kenny. Sikuwahi hata kufasiri, kijana kesha kwenda kwa binti. Kenny akabeba lile bonge la chumvi la kulambwa na ng'ombe akamponda mzee kichwa vile vile.

Bi mkubwa akaweka ungo chini. "Sasa tulimpa chakula cha nini?"

Hapo ndo penyewe. Ungemsaidia Kenny, Larry anakufa. Umemsaidia Lilly, Larry anakufa. Hawakukosa akili walotengeneza, ni hesabu. Mi mwenyewe niliwahi kuanza kijigemu cha boti ya Pemba imezima mashine usiku katikati ya mkondo, nikaapa kila chaguo litakuwa na njia yake kikweli kweli. Chaguo la kwanza njia 2, la pili 4, la sita 64, la kumi 1,024, na kila njia inataka iandikwe, ichorwe, ijaribiwe, na wenzetu wa Telltale juu ya hayo wanalipa na waigizaji wa sauti. Mi nilifika la sita nikafunga laptopu nikenda zangu Forodhani kula. Kwa hivyo fundi anaigawa njia kidogo alafu anairudisha, kama vichochoro vya Mji Mkongwe, pita huku pita kule unatokezea Darajani. Doug na Carley, wenzake Lee wengine wawili, vile vile: episodi ya kwanza unamuokoa mmoja tu, na yule ulomuokoa episodi ya tatu anapigwa risasi. Mchezaji analia, mi naona pahala waliposhona.

Kisichorudishwa ni alama. Programu inaandika kimya kimya: alimsaidia Kenny, hapana. Njia ishaungana lakini ile "hapana" bado imekaa, na mwisho wa episodi ya nne Clementine anapopotea na Lee anataka wa kwenda nae, Kenny anaweza kukukatalia kwa mambo ulomfanyia huko nyuma. Na yale maandishi ya kona ya juu, kwamba Clementine atalikumbuka hilo, mara nyingi nyuma yake hamna kitu kikubwa wallahi, ni maneno tu, ila ukishayaona mara mbili tatu unaanza kuchunga mdomo mbele ya mtoto ambae hayupo.

Kijana hakuridhika. Kesho yake baada ya skuli akaianza upya ile episodi, na safari hii kesha jipangia, kipande cha Larry anapewa Kenny.

"Mzee mumempa?" bi mkubwa akauliza.

"Bibi, yule atakufa tu."

"Na wewe hutokufa? Mpe."