Je, wajua kwa nini rejimenti ya watu elfu moja ilishambulia Gettysburg ikiwa na watu 262?

Jioni ya tarehe 2 Julai 1863, siku ya pili ya mapigano ya Gettysburg katika jimbo la Pennsylvania, wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, Jenerali Winfield Scott Hancock wa jeshi la Muungano (upande wa serikali kuu, uliopigana na majimbo ya Kusini yaliyojitenga) aliiona brigedi, yaani kundi la rejimenti kadhaa, ya askari wa Alabama wa upande wa Kusini ikisonga mbele kuelekea pengo katika safu yake, na karibu na pengo hilo hapakuwa na kikosi kingine isipokuwa Rejimenti ya Kwanza ya Askari wa Miguu wa Kujitolea kutoka Minnesota. Alimwamuru kamanda wake, Kanali William Colvill, ashambulie. Watu 262 wakateremka mbio, singe zikiwa kwenye bunduki, wakaizuia brigedi hiyo kwa dakika chache ambazo Hancock alizihitaji ili alete vikosi vingine. Mnara wao wa kumbukumbu unataja watu 215 walioanguka.

Kwa kanuni za wakati ule, rejimenti ya kujitolea iliundwa na kombania kumi zenye watu wapatao mia moja kila moja. Gavana wa Minnesota, Alexander Ramsey, alikuwa Washington vita vilipoanza, na tarehe 14 Aprili 1861 aliahidi serikali watu 1,000, akiwa gavana wa kwanza kufanya hivyo. Mwishoni mwa mwezi huohuo rejimenti ilikuwa imekwisha kuandikishwa katika ngome ya Snelling. Basi miaka miwili baadaye, wale mia saba na zaidi walikuwa wapi?

Kwa muda mrefu niliamini kwamba walikuwa wamekwisha kuuawa katika mapigano ya Bull Run, Antietam na Fredericksburg, na nikawaeleza wengine hivyo. Nilikosea, na kosa lenyewe linastahili kufunuliwa polepole kwa sababu lina mizizi miwili. Mzizi wa kwanza umo katika lugha yetu. Tunaposoma kwamba kikosi “kilipoteza” watu 215, Mswahili hufikiria makaburi 215, ilhali hesabu za kijeshi za namna hiyo huwajumlisha waliouawa, waliojeruhiwa na waliopotea. Ripoti rasmi ya Gettysburg iliiandikia rejimenti hii hasara ya watu 224, na kati yao waliouawa ni 50. (Hesabu hiyo ya 224 ni ya mapigano yote, na kwa kuwa rejimenti ilipigana tena tarehe 3 Julai, wapo wanahistoria wanaoshuku kwamba 215 wa siku moja ni wengi kupita kiasi. Ushujaa wao haupungui kwa shaka hiyo, lakini tarakimu za kwenye mnara zisomwe kwa tahadhari.)

Mzizi wa pili ni ugumu wa kukubali kwamba jeshi linaweza kupungua bila kufa. Katika miaka yake mitatu ya utumishi, rejimenti hii ilifiwa na watu 187 kwa risasi na majeraha, na wengine 99 kwa maradhi. Uwiano huo wenyewe ni wa ajabu, kwa maana katika jeshi la Muungano kwa ujumla maradhi yaliua watu wapatao mara mbili ya waliouawa vitani. Ukivijumlisha vifo vyote, vikiwemo vya Gettysburg na vya baada yake, hufiki 300. Vifo peke yake, basi, haviwezi kueleza pengo la watu mia saba.

Waliosalia walitawanyika. Wengi waliachishwa utumishi kwa majeraha, kuhara damu au homa ya matumbo, wengine walikuwa bado hospitalini, na wengine walihamia jeshi la kudumu au mizinga. Jioni ileile ya shambulio, kombania moja ililinda makao ya divisheni na nyingine ilikuwa imetumwa kwingine.

Lakini kutawanyika ni nusu ya jibu. Kila jeshi huvuja. Jambo la kustaajabisha ni kwamba hili halikujazwa. Mfikirie tajiri wa mabasi ambaye basi lake la zamani limechakaa viti na magurudumu. Akilikarabati, hapati nafasi ya kumwajiri mtu, kwa kuwa dereva na kondakta wapo tayari. Akinunua basi jipya, anapata nafasi za kuwapa shemeji, jirani na mtu aliyemsaidia zamani. Ikiwa fedha ya kununua inatoka kwa mtu mwingine, atanunua jipya kila mara na kuliacha la zamani litembee likiwa na viti kumi. Magavana wa Marekani walikuwa katika hali hiyo. Serikali kuu ndiyo iliyolipa mishahara, lakini gavana ndiye aliyeteua maofisa, na rejimenti mpya ilimpa vyeo vya kugawa: kapteni mmoja na maluteni wawili kwa kila kombania, yaani thelathini, kisha kanali, luteni kanali, meja, madaktari na wengineo. Vijana nao walipenda kuandikishwa pamoja na majirani zao chini ya kapteni waliyemjua.

Ndiyo maana, Rais Lincoln alipoomba watu wengine mwaka 1862, Minnesota iliunda rejimenti mpya kuanzia ya Sita hadi ya Kumi, huku ile ya Kwanza ikiendelea kukonda. Hata luteni kanali wake, Stephen Miller, aliondolewa akawe kanali wa rejimenti ya Saba. Si majimbo yote yaliyofanya hivyo. Jenerali William Tecumseh Sherman, naye wa jeshi la Muungano, aliandika baada ya vita kwamba Wisconsin ilizijaza rejimenti zake za zamani, na kwamba rejimenti moja ya jimbo hilo ilihesabiwa kuwa sawa na brigedi ya kawaida. Naamini sababu si wingi wa watu tu. Mgeni aliyewekwa kati ya wakongwe hujifunza kuchemsha maji, kutunza miguu na kulala chini risasi zinapopita kama mwanagenzi anavyojifunza kwa fundi, ilhali katika rejimenti mpya wote ni wanagenzi, hata kanali.

Mwishoni mwa Aprili 1864 muda wa miaka mitatu ulikwisha, na Rejimenti ya Kwanza ikavunjwa katika ngome ileile ya Snelling. Waliokubali kuendelea waliunganishwa na askari wapya, wakaundiwa kikosi kidogo chenye jina la Kwanza la Minnesota, kikiwa na kombania mbili. Kufikia mwaka 1865, vita vikielekea ukingoni, kikosi hicho kilikuwa kimeongezewa kombania nyingine kadhaa.