Bustani ya watoto mtaani: angalia kalenda ya shule kabla ushike jembe

Mvua ya Machi ikikaribia Kisumu simu huanza, mara mama wa Manyatta, mara kijana wa Nyalenda, wote wanataka kuanzisha bustani na watoto wa mtaa. Mimi kazi yangu ni mboga na jibu langu la kwanza huwa haliwafurahishi: wachaneni na sukuma kwanza.

Sukuma ni mboga ya mtu mzima. Inakaa kitaluni mwezi au zaidi, ukiihamisha unangoja mwezi mwingine ndio uchume jani la maana, sasa mtoto wa miaka minane atangoja hiyo yote kweli? Likizo ya Aprili ni kama wiki tatu tu, shule zikifunguliwa sukuma ndio inashika na hakuna wa kuimwagia maji. Kunde na terere ndio za kuanza nazo, zinachipuka kwa siku nne tano hivi na ukifika wiki ya tatu ya nne unachuma majani. Kwa hivyo pandeni Jumamosi moja kabla shule zifungwe, watoto wakule boo na ododo yao (ndio kunde na terere kwa Kijaluo) kabla warudi darasani, halafu hapo ndio ulete osuga (managu) na dek (saga), na hiyo sukuma kama ni lazima.

Mbegu ya terere ni ndogo kama vumbi, mtoto akiachiwa atamwaga ngumi nzima mahali pamoja. Changanya na mchanga mkavu, toboa kifuniko cha chupa ya soda na msumari, kila mtoto atembee akitingisha chupa yake juu ya mfereji. Kunde nazo watazifukua kuangalia kama zimeota, hiyo hauwezi kuzuia, so chukua chupa ya plastiki inayoonekana ndani, jaza udongo, penyeza kunde mbili tatu zikae zimegusa ukuta wa chupa. Mzizi wataona ukishuka bila kusumbua zile za shambani.

Udongo wetu huku mwingi ni ule mweusi, mvua ikinyesha unashika gumboots, jua likiwaka unapasuka. Wape watoto donge lenye unyevu wavingirishe nyoka, halafu wakunje nyoka awe pete. Pete ikishika bila kukatika huo ni mfinyanzi mtupu, inua matuta na uweke samadi iliyooza vizuri. Ya kuku ikiwa mbichi inachoma miche, wacha ikae kwanza.

Landilodi aandike hata karatasi moja kwamba amewakubalia ploti, mzee wa mtaa ashuhudie, tumalizane na hiyo.

Kitu watu hawaulizi ni hiyo ploti ilikuwa nini zamani. Kama ilikuwa gereji ama watu walikuwa wanavunja betri za gari hapo, mboga ya majani usipande kwa huo udongo kabisa, risasi ya betri, ile lead, haiozi na watoto ndio inaumiza zaidi. Kama ilikuwa jaa la takataka kuna vioo na sindano pia, mtoto asiingie miguu mitupu. Sehemu kama hizo tumia magunia na udongo wa kutoka kwingine, katikati unapanga nguzo ya mawe ndio maji yashuke hadi chini, pembeni unatoboa mashimo ya miche. Na kwa gunia kila mtoto anajua lake, hiyo peke yake inapunguza vita.

Ua utahitaji, sababu ya kuku na mbuzi, ila usipande ojuok (mnyaa). Najua inashika haraka na ni ya bure, lakini ule utomvu mweupe ukiingia kwa macho ya mtoto ni hospitali. Matawi ya miiba ama wavu kuukuu wa samaki unatosha.

Maji nayo, mtoto asitumwe ziwani wala kwa dimbwi, kichocho kiko huku na kinaingia kupitia ngozi, haijalishi kama ameyanywa. Tumia maji ya bomba ama mtungi wa mvua, na maji ya kusuuza mboga yasimwagwe bure.

Siku ya kuchuma wafundishe kukata terere juu ya vifundo vya chini, ising'olewe, itachipua tena. Miche michache muiache itoe mbegu. Ya dek msiirudishe ardhini hiyo wiki mmeivuna, ikiwa mpya huwa inaota vibaya, ikaushe uifunge kwa karatasi, ikae miezi kadhaa hadi msimu mwingine.