Je, wajua kwa nini sindano ya Kichina haiumi kama ya hospitali?

Mama mdogo alifumba macho, akakaza meno, akaubana mkono wangu kama mtu anayeng'olewa jino. Tulikuwa kwenye chumba kidogo maeneo ya Shangani, Mtwara. Feni inazunguka, yeye kalala kifudifudi, khanga imeshushwa hadi kiunoni. Baada ya muda akauliza, "Hajaanza bado?" Mtaalamu akacheka. Alikuwa keshachoma sita.

Kiuno hicho kimechoshwa na korosho. Ukishinda umeinama chini ya mikorosho msimu mzima, unaokota na kutenga korosho na bibo, mgongo lazima uje kudai chake. Vidonge vya maumivu vilikuwa havimsaidii tena. Jirani akamtajia tiba ya sindano, ile inayoitwa akupancha, naye akanitaka nimsindikize kwa sababu sindano anaziogopa tangu utotoni. Sasa kwa nini hakusikia hata moja?

Kwanza ni umbo. Sindano ya hospitali ni bomba. Lazima iwe na tundu ili dawa ipite, na ncha yake imekatwa mshazari kama mwanzi uliochongwa, kwa hiyo inaichana nyama inapopita. Ile ya kuchomea kwenye msuli huwa na unene wa kama milimita 0.6 hadi 0.8. Ya Kichina haina tundu. Ni waya wa chuma kisichoshika kutu, unene wake kama milimita 0.25, umechongoka taratibu hadi nchani, na huingia kwa kuzisogeza nyuzi za nyama pembeni.

Halafu hakuna kinachomiminwa. Aliyewahi kupigwa penisilini ya takoni anajua kwamba kuchomwa ni nusu tu ya adhabu. Nusu ya pili ni dawa yenyewe inapolazimishwa kuingia kwenye msuli. Na kuna ujanja mdogo wa mkono: mtaalamu anakibana kijibomba cha plastiki juu ya ngozi, sindano ikiwa ndani yake, kisha anaigonga kwa kidole kimoja, tap. Mishipa ya fahamu inashughulika na ule mbano, mchomo unapita bila kelele. Ndiyo sababu ukijikwaa kidole unakisugua.

Ila usidhani hutasikia chochote kabisa. Sindano ikishazama na kuzungushwa kidogo huja uzito fulani, ganzi au joto, kama mtu kakukandamiza kwa kidole kutokea ndani. Wachina wanauita *de qi*, yaani qi imefika. "Kuna kitu kinavuta," mama mdogo alisema, na mtaalamu akaridhika.

Qi ni nini? Katika mafundisho yao, yaliyoandikwa tangu miaka kama 2,000 iliyopita, ni nguvu ya uhai inayopita mwilini kwenye njia zake, na juu ya njia hizo kuna nukta 361 za kuchoma. Maiti zimepasuliwa sana duniani na hakuna aliyeziona njia hizo. Lakini sindano inaamsha mishipa ya fahamu, na mwili hujibu kwa kutoa vituliza maumivu vyake wenyewe, endofini. Watafiti waliwahi kuwapa watu dawa inayozizuia endofini, na nafuu ya sindano ikapungua. Hapo ningesema kesi imekwisha, isipokuwa kuna majaribio mengine yanayonikera mpaka leo: wagonjwa wa mgongo walichomwa mahali pasipo nukta, au kwa sindano butu isiyoingia, na wengi wao wakapata nafuu inayokaribia ya waliochomwa sawasawa. Makundi yote mawili yaliwashinda wasiochomwa kabisa. Kwa maumivu ya mgongo na kichwa, basi, inasaidia kiasi. Ukiambiwa inaondoa kisukari au UKIMWI, vaa viatu uondoke.

Na kama unaiona ngeni sana, kumbuka wazee wetu wa pwani walivyoumika kwa chuku. Pembe ya ng'ombe mgongoni, hewa inafyonzwa, ngozi inavimba. Wachina nao wanaumika, kwa vikombe vya kioo.

Sindano zilipotolewa, mtaalamu alizihesabu kwa sauti, kumi na mbili ziliingia, kumi na mbili zikatoka, zikatupwa palepale. Pakiti alikuwa amezifungua mbele yetu. Hilo lidai, na cheti cha usajili pia; tangu sheria ya mwaka 2002 lipo Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala kwa kazi hiyo. Kula kwanza, mwenye njaa anaweza kuzimia. Anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda aseme, na mjamzito vilevile. Kifuani na mabegani sindano ikienda ndani mno inaweza kutoboa pafu, hutokea mara chache lakini hutokea.

Kisha zikaja dawa za kuchemsha, na hapa mama mdogo hakuogopa hata kidogo. Magome, vipande vya mizizi, tangawizi kavu, mdalasini. "Hivi si vya jikoni tu!" Mtaalamu akauliza kama anatumia dawa yoyote ya hospitali. Akajibu hapana. Nikamwambia, "Mama mdogo, na zile za presha?" Akanitazama jicho la kunichinja.

Mtaalamu aliurudia mzani, akachomoa vipande vya manjano vilivyokuwa vitamu ukivionja. Urukususi. Mzizi huo ukizidi hupandisha presha na kushusha potasiamu mwilini, na Wachina wanautia kwenye michanganyiko mingi. Ndiyo maana nasema hofu yetu tumeielekeza pasipo. Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake zaidi ya 100 waliharibika figo kwa dawa za kupunguza unene, kwa kuwa mzizi mmoja wa Kichina ulibadilishwa na mwingine wenye jina linalofanana nao.

Na mmea usio na nguvu usingetupa dawa mseto ya malaria. Mwaka 1971 mwanasayansi wa Kichina, Tu Youyou, alikuwa akihangaika na mmea wa qinghao, ambao dondoo zake za malaria zilikuwa zikimgomea. Akasoma kitabu cha Ge Hong, tabibu wa Kichina wa karne ya 4: loweka, kamua, unywe maji yake. Hakuna kuchemsha! Akafikiri huenda moto ndio unaoiua dawa, akaivuta kwa etha, inayochemka kwenye joto dogo, na ikafanya kazi. Mwaka 2015 akapewa tuzo ya Nobel. Vile vidonge vya njano vya ALU tunavyovijua sote huku kusini vimetokana na mmea huo. Chai ya majani yake, hata hivyo, si badala ya vidonge, kwani kipimo chake hakitabiriki.

Mama mdogo alikunywa dawa yake ya kuchemsha siku tano, huku akimeza vidonge vya presha kama kawaida. Mgongo ulitulia wiki hiyo. Wiki hiyohiyo hakuwa ameenda shamba. Sufuria aliyochemshia haijapikiwa wali tena.