Gari linapotembea upande kama kaa

Tulikuwa kama kilomita 15 kupita Engaruka, tunaelekea Engaresero na Ziwa Natron, kijana wangu alipogonga kioo kutoka nyuma alikokaa na mizigo. "Mzee, hebu simama. Nikiangalia alama za matairi naona gari linatembea upande kama kaa."

Aibu niliyoipata siyo ndogo, maana mimi mwenyewe nilishahisi. Kwa dakika 20 hivi usukani ulikuwa umelala kulia kidogo wakati barabara imenyooka, na nilikuwa najidanganya kwamba ni upepo wa bondeni. Niliposhuka nikakuta tairi la nyuma la kulia limerudi vidole vitatu kutoka mahali pake, limebakiza kidogo lianze kusugua bodi. Senta bolti ilikuwa imekatika.

Nimekuwa fundi na dereva wa njia hizi za kaskazini kwa miaka mingi, na wasomaji huniuliza sana kuhusu simba, mafuriko na winchi. Hakuna anayeniuliza kuhusu senta bolti. Basi leo ni zamu yake.

Land Cruiser hizi za 70 series tunazozitegemea huku, hardtop na pickup, zina springi za majani nyuma. Ekseli ya nyuma haina mkono mwingine wa kuizuia isiende mbele wala nyuma. Springi zenyewe ndizo zinazobeba uzito na ndizo zinazoiongoza. Majani ya springi yamefungwa pamoja kwa bolti moja nyembamba ya katikati, ndiyo senta bolti, na kichwa cha bolti hiyo kinakaa ndani ya tundu kwenye kiti cha ekseli. Halafu kila upande kuna U-bolti mbili zinazobana springi na ekseli viwe kitu kimoja. Watu wengi, mafundi wakiwemo, hudhani senta bolti ndiyo inayoshika ekseli. Kazi yake hasa ni kuyaweka majani pamoja na kuionyesha ekseli mahali pa kukaa. Anayeshika ni ule ubano wa U-bolti. Nati za U-bolti zikilegea, ekseli inaanza kucheza milimita moja, mbili, kila unapokanyaga breki na kila unapokanyaga mafuta, na mzigo wote unahamia kwenye kijibolti kisichoumbwa kwa kazi hiyo. Kinakatika. Kuanzia hapo upande mmoja wa ekseli unarudi nyuma, ekseli inakaa mshazari, na gari linakwenda huku uso wake umetazama pengine.

Kwa nini zilegee? Wiki moja kabla nilikuwa nimefungiwa springi mpya. Springi mpya hazijakaa. Majani yana rangi katikati, yana vumbi la kiwandani, na ukishatembea kilomita 100 za kwanza vitu hivyo vinasagika na ubano unapungua. Ndiyo sababu U-bolti hukazwa mara ya pili baada ya safari fupi. Nalijua hilo. Nimewafundisha wengine hilo. Siku ile tulipofika Mto wa Mbu nilisimama, nikanunua ndizi nyekundu, nikanywa chai, nikawasha gari. Spana haikutoka kwenye boksi.

Baada ya hapo ilikuwa ni rasta. Asiyezijua rasta azifikirie kama bati la nyumba lililolazwa barabarani: mawimbi ya udongo mgumu yaliyopangana, moja na lingine umbali wa hatua ndogo. Yanatengenezwa na matairi yenyewe. Tairi likiruka kwenye kijiwe, linatua kwa nguvu mbele kidogo na kuchimba. Linalofuata linaruka palepale na kutua palepale. Gari likipita polepole linashuka na kupanda kila wimbi, meno yanagongana. Likifika kilomita 60 au 70 kwa saa, matairi yanaanza kugusa vilele tu na ndani kunatulia. Abiria wanafurahi. Ila chini hakujatulia kitu. Shokomzoba zinapiga mara nyingi kwa sekunde hadi mafuta yake yanachemka na kutoa povu, na shokomzoba yenye povu ni sawa na bomba tupu. Kila nati inatikiswa. Halafu ukumbuke kwamba tairi linalogusa vilele tu halina mshiko kamili wa ardhi, kwa hiyo kona inayoonekana ya kawaida inaweza kukugeuza. Mimi hupita kwa mwendo wa 40, najua ni kero, na kila baada ya saa moja na nusu nasimama na kushika shokomzoba kwa nyuma ya mkono. Zote zikiwa na joto sawa, ni nzuri. Iliyo baridi ndiyo imekufa, maana haifanyi kazi.

Turudi kwenye matengenezo. Wageni wangu walikuwa wawili, mume na mke, watu wazima. Niliwatandikia turubai chini ya mgunga, nikawaambia kazi itachukua muda wa saa tatu. Katika shughuli hii ukimwambia mgeni nusu saa ukamweka saa tatu, hatakuamini tena hata ukimwonyesha twiga.

Kwanza mizigo yote chini: madumu ya maji, mahema, boksi la jiko. Mawe mbele na nyuma ya matairi ya mbele. Kisha jeki, na hapa ndipo wengi wanapoumia. Ardhi ya kule ni majivu na mchanga wa Ol Doinyo Lengai. Mlima ule umeyamwaga kwa muda mrefu, na mlipuko wa mwaka 2007 uliongeza. Jeki ukiiweka moja kwa moja inazama kama kijiko kwenye uji. Ninatembea na kipande cha mbao ngumu cha sentimita 40 kwa 40, na hicho kwangu kina thamani kuliko winchi. Jeki moja ilikaa chini ya chesisi, ya pili chini ya difu, lile bonge la gia kwenye ekseli, na tairi la akiba likalazwa chini ya chesisi, ili jeki ikiteleza gari liangukie tairi na siyo mtu.

Tukalegeza U-bolti. Nati mbili kati ya nne niliweza kuzifungua kwa vidole. Vipande vya bolti iliyokatika tukavitoa kwa msumari na nyundo, majani tukayabana kwa klampu, tukapitisha senta bolti mpya. Ninatembea nazo mbili, zimefungwa kwenye kitambaa chenye grisi. Shida ikawa kuirudisha ekseli mbele. Tulifunga mkanda wa mizigo wenye mashine ya kukazia kutoka kwenye ekseli hadi kwenye hanga ya mbele ya springi, kijana akawa anakaza jino moja moja, mimi nikiteremsha chesisi kidogo kidogo hadi kichwa cha bolti kikadumbukia kwenye tundu lake. Kinasikika. Ni mlio mdogo, lakini baada ya saa mbili juani unausikia kama kengele ya kanisa.

Wakati huo tulikuwa na wageni wengine. Morani wawili walitokea upande ambao ningeapa hapakuwa na mtu, baadaye mzee mmoja na mjukuu wake. Nilimwamkia mzee, "Shikamoo," akaitikia, akachuchumaa kutazama kazi bila neno. Morani mmoja akauliza kama tuna maji, nikampa. Mwingine akashika bomba la spana akakaza nati kuliko nilivyoweza mimi. Wana simu. Wanajua mahali gani juu ya kilima mtandao unakamata, na wanajua nani ana pikipiki boma gani. Nawaambia hili wale wanaotumia fedha nyingi kwenye simu ya satelaiti, ambayo ni kitu kizuri na ninayo, halafu wanapandisha vioo wakiona mtu anakuja na fimbo.

Jambo jingine nililojifunza kwa taabu: gari likiharibika, kaa nalo. Gari lina kivuli, lina maji, linaonekana kutoka mbali. Mtu anayetembea peke yake saa nane mchana kwenye joto la Natron, linalopita nyuzi 40 mara nyingi tu, anakauka upesi kuliko anavyodhani. Ninapanga lita tano za maji kwa mtu kwa siku, za kunywa na kupikia, na ninabeba za siku tatu hata kama safari ni ya siku moja. Maji ya rejeta yana dumu lake.

Na kwa kuwa nimetaja rejeta. Kutoka Engaresero kwenda Sale na Loliondo unapanda ukingo wa Bonde la Ufa. Siku hizi kuna lami kipande cha Waso hadi Sale, lakini ule mpando wenyewe ni mawe na kona. Magari mengi huchemka pale, na dereva hulaumu pampu. Mara nyingi sababu ni nyingine kabisa: unapanda kwa gia ndogo, mwendo wa mtu anayetembea, na upepo unatoka nyuma yako. Feni inavuta hewa mbele, upepo unaisukuma kutoka nyuma, rejeta haipati kitu. Washa hita ya ndani kwa nguvu zote, ndiyo, kwenye joto lile, kwa sababu hita nayo ni rejeta ndogo. Mshale ukiendelea kupanda, tafuta mahali tambarare, geuza uso wa gari uelekee upepo, acha injini iungurume taratibu. Usiizime ghafla, na tafadhali usifungue kifuniko. Maji yaliyobanwa ndani yanaweza kufika karibu nyuzi 120 bila kuchemka. Ukifungua, yanachemka yote kwa mara moja, usoni mwako. Kule Katavi tatizo ni mbegu za majani marefu zinazoziba mapezi ya rejeta. Kipande cha chandarua mbele ya grili kinamaliza kazi.

Rejeta ikivuja kidogo, madereva wa zamani walitia binzari. Inaziba, nimeona. Ila inaziba na mahali usipotaka, kwa hiyo ukifika mjini toa yote uisafishe. Sabuni ya mche kwenye tangi la diseli lililopasuka, hiyo naipenda bila masharti: sugua sabuni kavu kwenye ufa hadi ijae, diseli haiiyeyushi. Niliwahi kutembea siku mbili hivyo.

Diseli ya madumu ya vijijini ni hadithi nyingine. Ina maji, ina mchanga, wakati mwingine ina nyuzi za gunia. Injini ya 1HZ, ile ya silinda sita na lita 4.2, inavumilia mengi kwa sababu pampu yake ni ya kimakanika. Ikivuta hewa au maji unafungua tundu la chini la filta, unamwaga, unapampu kwa mkono kile kitufe cha juu ya filta hadi kiwe kigumu, unalegeza nati za mabomba ya nozeli, vile vinavyopuliza diseli ndani ya injini, na kupiga stata hadi mapovu yaishe. Magari mapya yenye pampu za kompyuta ni mazuri, yana nguvu na yanakula kidogo, lakini diseli chafu inaua nozeli zake, na nozeli iliyokufa porini haitengenezwi kwa spana. Anayekwenda na gari hilo achuje mafuta kwa chujio la kweli, siyo kanga, na abebe filta mbili.

Kuna wanaoniuliza ningefanyaje kama nisingekuwa na senta bolti. Ningetumia mpira wa tyubu ya lori. Ukate kama utepe mrefu wa upana wa vidole vitatu, uuvute kwa nguvu zako zote huku unauzungusha kwenye springi na ekseli, mzunguko juu ya mzunguko, kama anayefunga kidonda. Mara ishirini, thelathini. Mpira uliovutwa unabana kuliko waya, na hauchoki kwa mtikisiko. Jani kuu likivunjika, weka na gogo la mgunga kati ya chesisi na ekseli kabla ya kufunga. Utatembea kilomita 15 kwa saa na utafika.

Sisi tuliwasha gari saa kumi jioni. Tulimwachia mzee kilo mbili za sukari na majani ya chai, wageni wakapiga picha na morani, mama yule akaniambia hiyo ndiyo sehemu ya safari aliyoipenda zaidi mpaka hapo, jambo ambalo sikujua nilijibuje. Nilitembea kilomita 10, nikasimama, nikalala chini na spana. Nati zote nne zilikubali kidogo. Kilomita 20 nyingine, tena, nikakuta zimetulia. Kijana alinimulikia tochi bila kusema lolote, na nilishukuru kwa hilo.

Tulifika Engaresero gizani. Kabla ya kula nikaingia tena chini ya gari, safari hii upande wa kushoto, ambao haukuwa na tatizo lolote. Nati ya tatu ilizunguka nusu raundi nzima.