Rongorongo: kalenda ni mistari miwili na kitu tu

Kila baada ya muda huzuka mtu mtandaoni akatangaza kwamba ameusoma rongorongo, mwandiko wa alama zilizochongwa wa Rapa Nui (Kisiwa cha Pasaka, katika Bahari ya Pasifiki), na mara nyingi jibu lake ni lilelile: ni kalenda. Ya jua, ya nyota, ya kupatwa kwa mwezi, chagua mwenyewe. Uvumi huu haufi kwa sababu ndani yake mna punje ya ukweli.

Dhana: Vibao vya rongorongo ni kalenda.

Vimebaki vitu vya mbao kama ishirini na vitano hivi, vimetawanyika kwenye makumbusho ya nchi mbalimbali. Kisiwani kwenyewe hakuna hata kimoja. Katika vyote hivyo, sehemu ambayo wataalamu wengi wanakubali kuwa ni kalenda ni moja: mistari miwili na kitu kwenye kibao kiitwacho Mamari, kilichohifadhiwa Roma. Mamari ina mistari 14 kila upande. Kwa hiyo hata humo, kalenda ni kipande tu.

Aliyekitambua kipande hicho ni Mjerumani Thomas Barthel, mwaka 1958, na mtaalamu wa lugha Jacques Guy akakichambua upya mwaka 1990. Alama za hilali zimepangwa kwa mafungu, na kila fungu hutanguliwa na alama zilezile, mithili ya kibwagizo cha wimbo. Kibwagizo hicho huishia kwa samaki aliye kwenye kamba: mwezi unapokua, kichwa chake kiko juu; unapopungua, kiko chini. Pale panapotarajiwa mwezi mpevu pana duara lenye mtu ameketi ndani. Guy alimhusisha na bibi kizee wa masimulizi ya kisiwani, yule anayewasha tanuri la ardhini huko mbinguni.

Hata hivyo picha peke yake isingethibitisha kitu. Uzito ulitoka kwenye orodha za usiku wa mwezi zilizonakiliwa kutoka vinywani mwa wenyeji. Mojawapo iliandikwa na Mmarekani William Thomson alipofika huko mwaka 1886. Kuna usiku wenye majina yao, kama Ohiro wa mwandamo na Omotohi wa mwezi mpevu, na kuna usiku wa kuhesabiwa tu: kokore tahi, kokore rua, kokore toru, yaani wa kwanza, wa pili, wa tatu. Hilali za Mamari zinakwenda na mpangilio huo. Mvuvi wa pwani yetu, anayepigia hesabu bamvua na maji mafu kwa umri wa mwezi, ataelewa mara moja kwa nini watu wa kisiwani waliona haja ya kuweka hesabu kama hiyo.

Dhana: Ikishajulikana ni kalenda, basi mwandiko umesomeka.

Hapana. Ukifungua gazeti la lugha usiyoijua unaweza kulitambua jedwali la ligi, na bado usiweze kutamka jina la timu hata moja. Ndipo tulipo na Mamari. Askofu Jaussen wa Tahiti alimpata Mrapanui aliyeitwa Metoro Tau'a Ure, akampa vibao avisome. Metoro aliimba, akitaja alichokiona kwenye kila alama: mtu, ndege, mwezi. Alipopita juu ya mistari ile ya hilali, hakuonyesha kwamba ameitambua kuwa kalenda.

Dhana: Idadi ya alama inathibitisha kuwa ni kalenda.

Katika maelfu ya alama, mwenye subira atapata 28, atapata 30, atapata hata 365 akianzia kuhesabu mahali panapomfaa. Bila orodha ya nje ya kulinganisha nayo, hiyo ni ramli.

Dhana: Ni mwandiko wa maelfu ya miaka.

Mwaka 1932 Guillaume de Hevesy aliulinganisha na mwandiko wa kale wa bonde la Indus huko Asia Kusini, alama kwa alama, kana kwamba miaka elfu nne hivi, pamoja na umbali wa nusu ya dunia, kati yao si kitu. Siku hizi kinachotajwa zaidi ni kipimo cha kaboni, cha kukadiria umri wa vitu, kilichochapishwa mwaka 2024: mbao ya kibao kimoja cha Roma ilionyesha miaka ya 1493 hadi 1509, wakati Wazungu walifika kisiwani mwaka 1722. Ni habari nzito, lakini kinachopimwa ni mti, si siku alama zilipochongwa. Tena mbao hiyo ilitambuliwa kuwa ya podo wa Afrika, mti usioota Rapa Nui. Huenda ilielea hadi huko, huenda ilitoka kwenye meli. Kibao kingine, Tahua, kilichongwa kwenye kasia la Kizungu.

Dhana: Wenyeji waliusahau wenyewe.

Hii ndiyo inayoniudhi. Mwaka 1864 mmisionari Eugène Eyraud aliandika kuwa vibao vimo katika nyumba zote. Lakini tangu Desemba 1862 meli za watekaji kutoka Peru zilikuwa zimeshachukua watu wapatao 1,500, wakiwemo wakuu na wajuzi wa mwandiko huo. Wachache waliorudishwa walikuja na ndui. Watu walipohesabiwa mwaka 1877, kisiwa kizima kilikuwa na Warapanui 111.