Kukesha dukani si biashara: dhana potofu kuhusu saa za mfanyabiashara

Nina duka la vifaa vya ujenzi Morogoro. Kwa miaka sita nililifungua saa moja asubuhi na kulifunga saa mbili usiku, siku saba kwa wiki. Piga hesabu: saa 91. Naandika haya kwa wenzangu ambao huwaona watoto wao wakiwa wamelala tu.

Dhana: Ukikaa zaidi, utaingiza zaidi

Mwaka 2014 mchumi John Pencavel wa Chuo Kikuu cha Stanford alichapisha uchambuzi wa kumbukumbu za viwanda vya silaha vya Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Waliofanya kazi saa 70 kwa wiki walizalisha karibu sawa na wa saa 56. Najua, dukani mlango ukifungwa mteja anaenda kwa jirani. Lakini kinachotakiwa kuwa wazi ni duka, na si lazima uwe wewe uliyesimama kaunta. Nilipoanza kuandika mauzo pamoja na saa yake, niliona mafundi wanakuja kabla ya saa nne asubuhi, halafu tena baada ya saa kumi jioni. Katikati ya hapo nilikuwa nimekaa tu, nimechoka.

Na uchovu huo una gharama. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalieleza kuwa anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kiharusi iliyo kubwa kwa asilimia 35 kuliko wa saa 35 hadi 40.

Dhana: Ukimwachia mtu duka, atakuibia

Hofu hii ina msingi, wapo walioibiwa. Ila wengi waliibiwa wakiwepo. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari ndilo nililokosa.

Nilipoanza kumwachia kijana wangu wa kazi duka nusu siku, misumari ya inchi nne ikawa haitimii. Boksi la kilo 25 linaisha, daftari linaonyesha kilo 23. Moyoni nilishamhukumu. Siku moja nikasimama pembeni akimpimia fundi. Mizani ikafika kilo, akachota misumari mingine akaitupia juu.

"Mbona umeongeza?"

"Bosi, si ndivyo unavyowafanyia mwenyewe? Mimi nimejifunza kwako."

Alikuwa sahihi. Tukakubaliana nyongeza ni kwa anayenunua kuanzia kilo tano, na inaandikwa. Sasa kila jioni tunahesabu bidhaa tano zinazotoka haraka, saruji ikiwa ya kwanza. Malipo makubwa yanapita lipa namba, ujumbe unaingia kwenye simu yangu. Kazi yote haizidi dakika 20.

Dhana: Kumwelekeza mtu ni kazi kuliko kufanya mwenyewe

Mara ya kwanza, ndiyo. Wiki moja niliandika kila swali nililopigiwa simu kutoka dukani. Karibu yote yalihusu punguzo na kukopesha. Nikampa mpaka: anayechukua mifuko 20 ya saruji apunguziwe hadi shilingi 500 kwa mfuko bila kuniuliza, mkopo, hapana. Simu zikapungua wiki hiyo hiyo. Ukimpa mtu ufunguo bila ruhusa ya kuamua, duka bado unaliendesha wewe, tena ukiwa mbali.

Dhana: Msaidizi mmoja atabeba zamu yangu yote

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki. Saa 91 za duka langu ni za watu wawili. Kama faida haiwatoshi wawili, punguza saa za kufungua. Kumtwisha kijana wa watu uchovu wako ni dhuluma.

Dhana: Hodari hufanya yote kwa pamoja

Niliwahi kuagiza mabati huku nikibishana bei na mteja. Nilitaka geji (kipimo cha unene wa bati) 30, nikatamka 32, na lori likashusha 32. Siku hizi saa sita hadi saa nane mchana, duka likiwa limetulia, naingia stoo na daftari la madeni na bei za jumla. Simu inabaki kaunta.

Saa kumi na moja jioni naondoka. Saa mbili na nusu usiku inaingia picha ya ukurasa wa daftari. Naisoma mezani nyumbani, chakula kikiwa bado cha moto.