Uchovu wa mtu mzima hupimwaje? Maswali na majibu

Swali: Je, kipo kipimo cha damu kinachoonyesha uchovu?

Jibu: Hakipo. Damu huweza kufichua baadhi ya visababishi, lakini uchovu wenyewe hupimwa kwa kumuuliza mhusika. Njia fupi ni kumwomba ataje namba kuanzia 0, yaani hana uchovu wowote, hadi 10, uchovu usio na kifani.

Swali: Na dodoso refu zaidi?

Jibu: Yapo mengi. Mojawapo, lililochapishwa mwaka 1989, lina kauli 9 zinazopewa alama 1 hadi 7, na wastani wa 4 au zaidi kwa kawaida huhesabiwa kuwa uchovu mkali. Jingine lina maswali 13 kuhusu siku 7 zilizopita, na jumla yake ni kati ya 0 na 52. Hili huhesabiwa kinyume, kwani alama kubwa humaanisha uchovu mdogo, hivyo asiyejua anaweza kumpongeza mtu aliye taabani.

Swali: Mtu asiye na ugonjwa naye huchoka. Tofauti iko wapi?

Jibu: Mvuvi wa dagaa wa Igombe au Ukerewe, anayekesha ziwani na taa siku za giza, anaweza kupata alama sawa na za mgonjwa wa figo anayehudhuria kliniki jijini Mwanza. Akiulizwa tena wakati wa mbalamwezi, baada ya kulala usiku kadhaa mfululizo, alama zake zitarajiwe kuonyesha uchovu mdogo zaidi, ilhali mgonjwa wa figo, wa moyo au wa selimundu (ugonjwa wa kurithi wa seli nyekundu za damu) huweza kulala usiku kucha na kuamka akiwa bado amechoka. Kwa maoni yangu, swali la kama mapumziko yanasaidia lina uzito kuliko namba yenyewe, na ndiyo maana kipimo kimoja hakitoshi: kirudiwe kwa dodoso lilelile, na kazi na usingizi wa siku zinazoulizwa viandikwe kando.

Swali: Alama zikibaki mbaya, nini hufuata?

Jibu: Hutafutwa chanzo, kwa kuwa alama haikitaji. Kandokando ya Ziwa Victoria, mtaalamu hawezi kupuuza kichocho cha tumbo, malaria na minyoo ya safura, pamoja na kifua kikuu, VVU, kisukari na sonona. Upungufu wa damu huthibitishwa himoglobini, yaani protini ya damu inayobeba oksijeni, ikiwa chini ya gramu 13 kwa desilita kwa mwanamume, au chini ya 12 kwa mwanamke asiye mjamzito. Si busara kununua dawa za kuongeza damu kabla ya kupimwa, hasa kwa mwenye selimundu aliyekwisha kuongezewa damu mara nyingi, kwani mwili wake huenda tayari una madini ya chuma kupita kiasi.

Uchovu unaoambatana na maumivu ya kifua, kupumua kwa shida au kuzirai hausubiri dodoso. Mgonjwa apelekwe hospitali mara moja.